Nikiandika kifupisho kwenye Word nataka kifungu kizima kije na fomati yake. Mbona fomati inapotea njiani?

#1 SteshenariMoshi

Wakuu habari. Niko Moshi mjini, nachapa nyaraka kwenye steshenari. Kazi kubwa ni mikataba ya mauziano ya viwanja na vihamba (mashamba ya ukoo), hati za viapo na mihtasari ya vikao vya ukoo. Tangu sheria ya mwaka 2021 ifanye Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, viapo vya Kiswahili naviandika sana, na nataka vitoke mezani kwangu vimenyooka.

Vifungu vingi ni vilevile kila siku. Kinachobadilika ni majina, mahali kiwanja kilipo, mipaka minne na bei. Kwa hiyo nimeweka vifupisho kwenye AutoCorrect: naandika herufi chache, napiga nafasi, kifungu kinashuka. Maneno yanakuja. Fomati haiji. Kichwa nilichokiboldi na kukiweka katikati kinatoka maandishi ya kawaida, kimekaa kushoto. Vifungu virefu vinakataa kabisa kuingia. Halafu kompyuta ya kaunta ina Office 2010 na ya ndani ina 2016, na kifungu kilekile kinatoka na sura mbili. Kubwa kuliko yote, kuna vifupisho nahifadhi jioni, asubuhi sivioni.

Mteja anakuwa amesimama mbele yangu, anataka awahi kugongewa muhuri kwa wakili. Sitaki kuanza kuboldi vichwa kimoja kimoja huku ananitazama. Kwa nini fomati inapotea, na njia ipi ya uhakika?

#2 FundiWaPasua

Mkuu, umehifadhi kama maandishi matupu. Usianze kwa kuandika kifungu ndani ya kile kidirisha. Kiandike kwanza kwenye ukurasa, kipambe unavyotaka, kisha kisilekti chote. Hapo ndipo uende File, Options, Proofing, AutoCorrect Options. Utakuta chaguo mbili juu ya sanduku: "Plain text" na "Formatted text". Chagua ya pili, weka kifupisho, bonyeza Add.

Vifungu virefu vinakataa kwa sababu hiyohiyo. Maandishi matupu mwisho wake ni herufi 255. Ya fomati hayana mpaka huo.

#3 TichaKemia

Fundi yuko sahihi. Mimi natunga mitihani ya kemia na bila hiyo "Formatted text" ningelia. Naandika h2so4, napiga nafasi, inatoka H₂SO₄ na namba zake zimeshuka chini. Hata CuSO₄·5H₂O ina kifupisho chake. Kabla ya hapo nilikuwa nashusha namba moja moja, na mtihani wa kidato cha tatu una namba za kushusha kuliko maswali.

Nyongeza kwa #2: viwili hivyo havikai sehemu moja. Vifupisho vya maandishi matupu vinakaa kwenye faili la .acl ambalo programu zote za Office zinalisoma, ndiyo maana ukiandika kifupisho hicho Excel nako kinafanya kazi. Vyenye fomati vinakaa ndani ya Normal.dotm, faili la Word peke yake. Ukihamisha kimoja bila kingine, nusu ya vifupisho inabaki nyuma.

#4 KaraniMstaafu

Vijana, kwa kifungu cha mkataba AutoCorrect si mahali pake. AutoCorrect inajirusha yenyewe kila ukimaliza neno, hata pale usipotaka. Kuna ofisi niliyofanya kazi, mwenzangu mmoja alitumia neno "mke" kuwa kifupisho cha aya ya ridhaa ya mwenza, ile inayowekwa kwa sababu kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinazuia kuuza nyumba ya ndoa bila mwenzi kuridhia. Basi kila barua yenye neno mke ikawa inamwaga aya nzima ya ridhaa. Hata barua ya kuomba likizo ya msiba wa mke wa kaka yake.

Tumia AutoText. Silekti kifungu kilichopambwa, bonyeza Alt+F3, kipe jina, OK. Siku unayokihitaji andika jina hilo kisha bonyeza F3. Usipobonyeza, hakuna kinachotokea. Wewe ndiye unayeamua, na karani anatakiwa aamue mwenyewe kila kinachoingia kwenye hati.

#5 BintiUpareni

Mzee shikamoo. Hiyo ya likizo ya msiba imenichekesha hadi bosi kageuka.

Mimi natumia LibreOffice kwa sababu ofisi yetu haina hela ya leseni. Humo ni Ctrl+F3: inafunguka AutoText, unaandika jina na kifupisho, unahifadhi. Baadaye unaandika kifupisho na kubonyeza F3 kama alivyosema Mzee. Fomati inakuja, jedwali linakuja, hata picha ya nembo inakuja. Steshenari, ijaribu, ni bure.

#6 SteshenariMoshi

Asanteni wote. #2 imekubali kwa vifungu vifupi. Ila Binti, nimebonyeza Ctrl+F3 kwenye Word ya kaunta na kifungu chote kimetoweka mbele ya macho yangu!

#7 FundiWaPasua

Tulia. Binti amesema LibreOffice, wewe uko Word. Kwenye Word, Ctrl+F3 inakata ulichosilekti na kukiweka kwenye ghala liitwalo Spike. Bonyeza Ctrl+Z kirudi. Au weka kishale unapotaka kisha bonyeza Ctrl+Shift+F3, Spike inamwaga kila ilichokusanya.

Spike yenyewe ni nzuri kwa mihtasari: unakata maazimio sehemu mbalimbali za hati, yanajipanga kwa mfuatano ulioyakata, unayamwaga yote ukurasa wa mwisho. Wachache wanaijua.

#8 BintiUpareni

Samahani kaka Steshenari, na asante Fundi.

#9 Chalii_Ngarenaro

Watu wa Moshi mnahangaika na AutoCorrect mpaka leo? Njooni Chuga mjifunze. Niko ofisi ya safari hapa Arusha, kazi yangu ni kuandaa mapendekezo ya safari kwa wageni. Kila siku ya safari ni kipande kilichohifadhiwa: siku ya Tarangire, siku ya kushuka kreta ya Ngorongoro, siku ya kulala Horombo mita 3,720, usiku wa kupanda Uhuru mita 5,895. Kila kimoja na picha, jedwali la chakula na saa. Mgeni akisema anataka siku sita, nachomoa vipande kwenye Quick Parts, pale Insert, napanga. Kinachobaki ni tarehe na bei.

Sasa kuhusu fomati, #2 na #4 wamejibu nusu. Hata AutoText inaweza kuja na sura nyingine, na mchawi ni staili, yaani sura ya aya iliyohifadhiwa kwa jina. Kifungu chako umekiandika kwa staili ya Normal. Ukikiingiza kwenye hati nyingine ambayo nayo ina Normal, ile ya hati unayoingilia ndiyo inashinda. Na kila hati ina Normal. Office 2010 inaanza na nafasi ya mistari 1.15 na pointi 10 baada ya aya. Ya 2016 ni 1.08 na pointi 8. Ndiyo maana mkuu anaona kifungu kilekile kina sura mbili, ya ndani inabana mistari.

Tengeneza staili zako, zipe majina ambayo hati nyingine haina: AyaMkataba, KichwaKiapo. Pamba kifungu kwa hizo ndipo uhifadhi. Staili ambayo hati haina inakuja na kipande chake.

#10 TichaKemia

Chalii, hapo kwenye mistari nakubali. Ila kichwa kuhama kutoka katikati kwenda kushoto si staili. Katikati aliiweka kwa mkono, na ulichokiweka kwa mkono hakifutwi na staili ya hati nyingine. Mimi nasema hakusilekti alama ya mwisho wa aya.

Steshenari, bonyeza Ctrl+Shift+8. Utaona alama ¶ mwisho wa kila aya. Boldi na fonti vinakaa kwenye herufi, lakini katikati, kujongeza na nafasi kati ya aya vinakaa kwenye hiyo alama. Ukisilekti maneno ukaiacha alama, umehifadhi boldi ukaacha katikati. Walimu wenzangu kichwa cha mtihani kinawahama kwa sababu hiyo tu.

#11 Chalii_Ngarenaro

Ticha, katika #1 alisema hata boldi ilipotea. Alama ya aya haibebi boldi ya maneno.

#12 TichaKemia

Boldi ilipotea kwa sababu ya "Plain text", Fundi alishajibu. Ni matatizo mawili kwa mtu mmoja.

#13 KijanaWaHimo

Au matatu. Hakuna aliyegusa lugha. Angalieni juu ya kidirisha cha AutoCorrect, kinaandika jina la lugha, mara nyingi English ya Marekani. Orodha ile ni ya lugha hiyo. Maandishi yakiwa yamewekewa alama ya lugha nyingine, vifupisho vya orodha ile vinakaa kimya. Mimi nilikuwa na hati ambayo ukurasa wa kwanza vifupisho vinafanya kazi na wa pili vinagoma. Kumbe ukurasa wa pili niliunakili kwenye hati iliyowekewa alama ya Kiswahili. Silekti yote, nenda Review, Language, weka lugha moja.

LibreOffice ina mambo hayohayo, orodha ni kwa lugha, ila unaweza kuchagua orodha ya lugha zote.

#14 FundiWaPasua

Kijana, hilo ni kweli kwa maandishi matupu, faili la .acl lina namba ya lugha kwenye jina lake, kama MSO1033. Lakini lugha inazuia kifupisho kujirusha. Haiondoi fomati ya kilichojirusha. Mkuu analalamikia fomati.

#15 KijanaWaHimo

Analalamikia pia kwamba asubuhi havipo. Je, kama vipo ila hati ya asubuhi ina lugha nyingine?

#16 MamaWaKiboriloni

Vinapotea kwa sababu ya umeme. Duka langu lilikuwa hivyo. Word inaandika Normal.dotm kwenye diski pale unapoifunga. Umehifadhi vifupisho vyako vya fomati mchana, Word iko wazi, umeme ukakatika saa kumi na moja, kompyuta ya mezani haina UPS (betri ya akiba), imezima palepale. Hati yako inaweza kuokolewa na ile nakala ya dharura. Normal.dotm haiokolewi, inabaki ya asubuhi.

Nilichofanya: nikitengeneza kitu kipya nafunga Word yote, naifungua tena. Nimewasha pia lile chaguo la Advanced linaloifanya Word iulize kabla ya kuhifadhi Normal. Likiuliza, sema ndiyo. Wasichana wangu dukani walikuwa wanabonyeza hapana wakidhani ni virusi, nikawaelekeza.

#17 MlinziWaMaabara

Naheshimu maelezo ya Mama, lakini nasimamia maabara ya kompyuta ya chuo na sababu ninayoiona mara nyingi ni nyingine. Kompyuta nyingi za umma zina programu ya kugandisha, kila ukizima na kuwasha inarudisha diski ilivyokuwa. Vyote ulivyohifadhi kwenye C vinafutika, Normal.dotm ikiwemo, hata kama umefunga Word vizuri. Steshenari, kompyuta hizo ulizinunua wapi? Zile zilizotoka kwenye kafe za intaneti huja na programu hiyo ndani na aliyekuuzia hakukwambia.

Jambo jingine la kuangalia: je, jioni na asubuhi ni mtumiaji yuleyule wa Windows? Kila mtumiaji ana Normal.dotm yake.

#18 SteshenariMoshi

Mama na Mlinzi, mmenipa kazi. Umeme kweli unakatika. Hati nyingine nilizohifadhi D zipo, ila ni kweli kompyuta ya kaunta nilinunua mtumba na sijui ilitoka wapi. Watumiaji wa Windows ni wawili, mimi na kijana wa zamu ya jioni. Kwa hiyo yote matatu yanawezekana!

Halafu F3 kwenye laptopu haifanyi kitu, inapandisha sauti tu.

#19 BintiUpareni

Bonyeza Fn pamoja na F3. Laptopu nyingi mstari wa juu wamewekea sauti na mwanga.

#20 MtaalamuWaMakro

Mnazunguka sana. Andika makro (amri ndogo ambazo Word inazitekeleza yenyewe) mara moja, iwekee kitufe juu ya dirisha, kijana wa zamu abonyeze tu. Alt+F11, ingiza moduli, bandika hii:

Sub WekaKiapo()
NormalTemplate.AutoTextEntries("kiapo").Insert Where:=Selection.Range, RichText:=True
End Sub

Angalieni mwisho wa mstari. RichText:=True ndiyo inayoleta fomati. Ukiiacha, Word inaingiza maneno matupu. Wengi wanaolalamika kuwa "makro yangu inakula boldi" wameiacha hiyo. Na wanaotumia Selection.TypeText wasitegemee fomati, ile inaandika herufi kama vile unachapa kwa mkono.

#21 FundiWaPasua

Mtaalamu, makro yako itamletea hitilafu. Ukitumia Alt+F3 Word za siku hizi zinaweza kukihifadhi kipande kwenye Building Blocks.dotx, si Normal. Mstari wako unakitafuta Normal tu, hautakiona. Steshenari aangalie sanduku la "Save in" kabla ya OK, achague Normal.

#22 MtaalamuWaMakro

Kweli, Fundi. Wekeni Normal.

#23 MamaWaKiboriloni

Mimi makro sizitaki kaunta. Tunapokea fleshi za wateja kutwa nzima. Ukizoesha wafanyakazi kubonyeza ruhusu, ruhusu, siku moja wataruhusu kitu kibaya. Melissa ya mwaka 1999 ilikuwa makro ya Word tu, ikasambaa dunia nzima kwa barua pepe.

#24 MtaalamuWaMakro

Mama, ya kwako iliyo ndani ya Normal haihitaji kubonyeza ruhusu, folda hiyo Word inaiamini tayari. Kinachotakiwa kukataliwa ni makro zinazokuja na faili la mteja, na tangu 2022 Microsoft yenyewe imeanza kuzifunga zinazotoka intaneti.

#25 MamaWaKiboriloni

Fleshi si intaneti.

#26 Mzigo_Mwepesi

Ndugu zangu, kwani kuna ubaya gani kufungua mkataba wa jana, ukabadilisha majina, ukahifadhi kwa jina jipya? Nafanya hivyo miaka yote na fomati haijawahi kupotea hata siku moja.

#27 WakiliChuga

Ubaya upo na nimeuona mezani. Nimewahi kuletewa mkataba wa kihamba ambao ukurasa wa kwanza muuzaji ni mtu mmoja, na kifungu cha saba muuzaji ni mwingine kabisa, wa mkataba wa wiki iliyopita. Mpaka wa mashariki nao ulikuwa wa kiwanja kingine. Pande zote mbili walishasaini na mashahidi wa ukoo walishaweka dole gumba. Tukarudi mwanzo, na bahati nzuri walikuwa bado wanapatana. Wangekuwa wamegombana, karatasi ile ingekuwa kesi.

Kifungu kinachotoka ghalani kinatoka na nafasi tupu ya jina. Mkataba wa jana unatoka na jina la mtu. Naomba wachapaji mlichukulie hili kwa uzito, watu wanakabidhi ardhi ya babu zao kwa karatasi hizo.

#28 Mzigo_Mwepesi

Wakili nimekusoma. Mimi natumia Find and Replace, jina la zamani linabadilika kote.

#29 WakiliChuga

Kama la zamani liliandikwa kwa namna moja kote. Herufi kubwa kwenye kichwa na jina la kati limerukwa kwenye sahihi, Replace inaacha moja.

#30 Chalii_Ngarenaro

Wakili ameniletea hamu. Ndani ya kipande unaweza kuweka fildi inayouliza jina mara moja na kulisambaza. Ctrl+F9 inakupa mabano yake maalumu, usiyachape kwa mkono. Ndani yake: ASK Muuzaji "Jina kamili la muuzaji?". Halafu kila mahali jina linapotakiwa, Ctrl+F9 tena na REF Muuzaji. Hifadhi kipande pamoja na fildi zake. Ukishakiingiza, Ctrl+A kisha F9, inauliza, unajibu, jina linajaa kote.

Kwa sababu uzi ni wa fomati: kwenye kichwa andika REF Muuzaji \* Upper, jina linatoka herufi kubwa. Ukitaka jina lifuate boldi ya mahali lilipo, ongeza \* Charformat kisha boldi ile herufi R ya REF. Jina lote linafuata herufi hiyo.

#31 WakiliChuga

Hili nimelihifadhi. Asante chalii.

#32 TichaKemia

Chuga leo mmefanya kazi, nilidhani mnauza mbuga tu.

#33 Chalii_Ngarenaro

Ticha, na ninyi mkiacha kutuuliza bei ya kupanda mlima ulioko kwenu tutaendelea vizuri.

#34 KaraniMstaafu

Mnavyobishana mnanikumbusha mbali. Wakati wa taipureta fomati ilikuwa mkononi. Kichwa unakiweka katikati kwa kuhesabu herufi, unagawa kwa mbili, unarudi nyuma kutoka katikati ya karatasi. Boldi ni kupiga herufi ileile mara mbili. Nakala ni kaboni, na ukikosea nakala zote zimekosea.

Word ilipotoka mwaka 1983, kazi ya akina Charles Simonyi na Richard Brodie, haikuchukua muda ikawa na ghala la vifungu lililoitwa glossary, na F3 ndiyo iliyokuwa ikikichomoa kifungu. Jina AutoText lilikuja na Word 6 mwaka 1993. Lakini jina la zamani limebaki ndani. Kijana wangu alinifungulia faili la dotx kwa programu ya zipu, ndani ya folda ya word tukakuta folda imeandikwa glossary. Nilifurahi kuiona.

#35 BintiUpareni

Mzee tuandikie uzi mzima wa taipureta, tutasoma. Na nyongeza: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa OpenOffice ya Kiswahili, Jambo OpenOffice. LibreOffice ninayotumia ilichipuka kwenye OpenOffice mwaka 2010.

#36 DogoWaMajengo

Wakuu, kwenye simu je? Nachapa barua kwa simu natuma kwa mteja.

#37 KijanaWaHimo

Kibodi ya Gboard ina kamusi binafsi, unaweka neno na kifupisho chake. Ila ni maneno matupu, boldi hakuna. Kwa nembo na jedwali rudi kwenye kompyuta.

#38 SteshenariMoshi

Nimerudi na majibu. Nimefuata ¶ ya Ticha na staili za Chalii kwa pamoja, kwa hiyo sijui ni ipi iliyoponya, ila kichwa sasa kinakaa katikati kwenye kompyuta zote mbili. Kijana wa jioni anatumia jina langu la Windows kuanzia leo, na nimeanza kufunga Word kila nikiongeza kitu kama Mama anavyofanya. Leo asubuhi vyote vilikuwepo. Umeme haukukatika jana, kwa hiyo hilo bado.

Limebaki moja. Jedwali la sahihi za mashahidi likiingia kwenye 2010 liko sawa. Likiingia kwenye 2016 linatoka nje ya pambizo la kulia.

#39 Chalii_Ngarenaro

Staili ya jedwali.

#40 TichaKemia

Karatasi. Angalia Layout, Size. Nakisia 2016 imeanzia Letter na 2010 umeshaiweka A4, au kinyume chake, na pambizo hazilingani. Letter ni sentimita 21.59 kwa 27.94, A4 ni 21 kwa 29.7. Jedwali lenye upana uliofungwa kwa sentimita halijui karatasi imebadilika.

#41 FundiWaPasua

Ticha, Letter ni pana kuliko A4. Kama 2016 ndiyo Letter, jedwali lingebaki na nafasi, lisingetoka nje. Mimi nasema pambizo peke yake. Hata hivyo upana ukiwekwa kwa asilimia 100 badala ya sentimita hoja yote inakwisha: bonyeza kulia kwenye jedwali, Table Properties, Preferred width, badilisha kuwa asilimia. Hifadhi upya kwa jina lilelile, itakuuliza kama ufute la zamani, kubali.

#42 SteshenariMoshi

Nimeangalia, zote A4. Pambizo za 2016 ni kubwa kidogo kushoto, kuna mtu aliacha nafasi ya kutoboa faili. Najaribu asilimia.

#43 KaraniMstaafu

Wakati unajaribu, nina rafiki yangu Himo anataka vifungu vyako vya viapo. Atavipataje bila kuandika upya?

#44 FundiWaPasua

Mzee, asiguse Normal.dotm ya mwenzake, atafuta vya kwake. Steshenari afungue hati mpya, aihifadhi kama templeti ya .dotx, mfano Viapo.dotx. Akiwa ndani yake ahifadhi vipande upya kwa Alt+F3, na kwenye "Save in" achague Viapo. Faili hilo linakwenda kwa fleshi hadi Himo, linawekwa kwenye folda ya STARTUP ya Word: andika %appdata%\Microsoft\Word\STARTUP kwenye upau wa anwani wa folda. Word ikifunguka upya vipande vyote vipo Quick Parts. Na kompyuta zako mbili zifanye hivyohivyo mkuu, ziwe zinasoma Viapo ileile. Wa LibreOffice, faili lenu ni mytexts.bau, liko kwenye folda ya autotext ya mtumiaji.

#45 KijanaWaHimo

Himo nipo. Aje na fleshi, ila niangalie lugha ya hati zake kwanza.